"Dairekti" Si Ukarabati

Leo naweka programu kando nizungumzie feni ya gari. Wale waliokuja hapa kutafuta mambo ya PHP na hifadhidata wanivumilie. Wakifika mwisho wataona kwamba sikutoka kazini hata kidogo.

Nina ugomvi na neno moja tu, nalo ni "dairekti". Kila mwenye gari kuukuu katika nchi hii amewahi kuambiwa: "Mkubwa, hii feni tumeiweka dairekti, haitakusumbua tena." Fundi anajifuta mikono, unalipa, unashukuru, unaondoka. Nasema hivi: hujatengenezewa gari. Umefichiwa ugonjwa, na juu yake umeongezewa mwingine.

Gari langu ni Toyota Corolla ya 1994, ile AE100. Magari haya hayaingizwi tena nchini kwa sababu ya sheria ya miaka 8, kwa hiyo yaliyopo yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha waya wake mle ndani kama ukumbusho. Langu lilianza kupata joto kwenye msongamano. Likiwa mwendoni, salama. Likisimama dakika kumi Barabara ya Mombasa, mshale unapanda. Mtu yeyote angeshuku feni, nami niliishuku.

Gereji ya kwanza (sitaitaja, haina tofauti na nyingine) ilifungua boneti asubuhi injini ikiwa baridi, wakawasha, feni ikazunguka. "Feni ni nzima, tatizo ni thamostati." Wakaing'oa, wakaitupa. Joto halikuisha. Nikarudi. Sasa likawa tatizo la swichi ya feni, nikanunua mpya. Joto halikuisha. Nikarudi tena. Ndipo likatamkwa lile neno. Wakachukua waya mwembamba, wa ule unaovutwa kwenye spika, wakautoa kwenye betri, wakaupitisha kwenye tundu la bati hadi chini ya dashibodi, wakaweka kiswichi, wakaurudisha hadi kwa feni. Fyuzi? Hakuna. "Ukiona joto, washa. Likipoa, zima."

Tazameni kilichofanyika hapo. Mhandisi wa Japani alitengeneza kifaa kinachopima joto na kuamua chenyewe, bila kuchoka wala kusahau. Sisi tukakitoa, na mahali pake tukamweka mke wangu. Naye, bila kuambiwa na mtu kwamba sasa yeye ni kipima joto, alichukua gari siku moja kwenda sokoni na akaona mvuke kabla ya kuona mshale. Injini ilinusurika kwa bahati. Nilimlaumu yeye. Nimeshamwomba radhi.

La pili lilikuwa baya zaidi. Miezi michache baadaye, karibu na Mlolongo, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma, moshi ulitoka chini ya dashibodi. Nilizima ufunguo. Moshi haukukoma, kwa sababu waya ule haukuujua ufunguo. Ulitoka betri moja kwa moja. Ulikuwa umesuguana na ukingo wa lile tundu la bati hadi mpira wake ukaisha, shaba ikagusa bodi. Betri ya gari hugawa ampea mamia pale inapokutana na njia fupi namna hiyo, na bila fyuzi hakuna wa kuikataza. Niliwatoa watoto, nikafungua boneti, nikatafuta spana namba 10 huku mikono ikitetemeka, nikang'oa kichwa cha betri. Kama spana ingekuwa imebaki nyumbani, leo nisingekuwa naandika kwa hasira tu.

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: niliketi na mchoro wa waya wa gari lile, nikausoma kama ninavyosoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine.

Na mchoro ule umeandikwa na mtu mwenye akili! Katika Corolla za zama hizo, swichi ya feni inashika injini ikiwa baridi, na inaachia maji yakifika karibu nyuzi 93. Yakishuka chini ya 83 au hapo karibu, inashika tena. Rilei nayo ni ya aina ya pekee: isipopewa umeme, inapitisha, ikipewa, inakata. Kwa hiyo injini ikiwa baridi, swichi inashika, rilei inapata umeme, inakata, feni inatulia. Injini ikipata joto, swichi inaachia, rilei inapumzika, feni inazunguka.

Mtauliza, kwa nini mambo yawe kinyumenyume hivyo? Kwa sababu mhandisi yule alijiuliza swali ambalo wengi wetu hatujiulizi: kifaa hiki kikiharibika, kitaharibikia upande gani? Waya wa swichi ukikatika, feni inazunguka. Plagi ikichomoka, feni inazunguka. Koili ya rilei ikiungua, feni inazunguka. Utasikia kelele na utapoteza umeme kidogo, lakini hutachemsha injini.

Sasa nikaenda kwenye rilei ya gari langu. Haikuwa ile. Kabla sijalinunua gari, mtu alikuwa ameweka rilei ya kawaida, ile inayokata ikiwa imepumzika na kupitisha ikipewa umeme, akaiunganisha kwa vibanio. Matokeo yake, feni ilizunguka injini ikiwa baridi na kuzima ilipopata joto. Kila kitu kilikuwa kizima, ila maana ilikuwa imegeuzwa. Wanaoandika programu wanaelewa: mtu alisahau alama moja ya "si", na ndiyo ikawa hapana. Ile feni tuliyoisifu asubuhi kwa kuzunguka ndiyo ilikuwa ushahidi wa ugonjwa, nasi tukaiita nzima. Rilei sahihi, kuukuu, niliipata Kirinyaga Road kwa pesa zisizofika hata robo ya nilizokwisha kulipa.

Kuhusu thamostati iliyotupwa: kwenye injini hizi ina vali ya pili inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Umetaka kupooza, umepunguza kupooza. Tena barabara ikiwa wazi asubuhi, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi, inaongeza petroli. Ulaji unapanda, na fundi mwingine anakuuzia plagi mpya.

Na wanaoishi Nairobi wazingatie hili. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hapa maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Feni inaanza 93! Kinachotuokoa ni shinikizo la kifuniko cha rejeta, linalopandisha kiwango hicho hadi zaidi ya 110. Kifuniko kikilegea, maji yanachemka feni ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Kabla hujang'oa chochote, tazama kifuniko. Injini ikiwa baridi, tafadhali.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika ishirini, kwa testa ya taa na macho. Kwa Corolla za aina hii:

1. Washa ufunguo bila kuwasha injini, injini ikiwa baridi. Feni itulie. Ikizunguka, swichi, waya wake au rilei ina neno.
2. Chomoa plagi ya swichi ya feni, vidole vikae mbali na feni. Ni lazima izunguke. Gusisha waya wa plagi kwenye bodi, izime. Yote mawili yakitokea, rilei na nyaya ni nzima, geukia swichi.
3. Isipozunguka, tazama fyuzi iliyoandikwa RDI FAN, kisha rilei, kisha upe mota umeme wa betri kupitia fyuzi. Ikikataa hapo, mota ndiyo imekufa.
4. Usichanganye vipima joto. Kimoja ni cha mshale wa dashibodi, kingine cha kompyuta, cha tatu ndicho cha feni. Watu wananunua kisichohusika kila siku.

Wala usichukue maelezo haya ukayapeleka kwenye kila gari. Volkswagen nyingi za zama hizo ni kinyume: swichi inashika injini ikipata moto. Ndiyo maana nasema soma mchoro kwanza.

Najua jibu mtakalonipa. "Wewe una kompyuta na muda, fundi wa jua kali ana magari sita yanayomsubiri, na mteja hataki kulipa." Ni kweli, na hapa mshtakiwa ni mimi. Mara zote tatu niliuliza bei ya kifaa. Sikuuliza hata mara moja amepima nini. Angeniambia "nipe elfu moja nipime tu, labda sitabadilisha chochote", ningemwita mwizi. Tunalipia chuma, hatutaki kulipia kufikiri, kisha tunashangaa tunauziwa vyuma bila fikra. Wateja wangu hunitendea hivyohivyo: "Ni kubadilisha mstari mmoja tu, mbona bei hiyo?" Naam, ni mstari mmoja. Unalipia kujua ni upi.

Nakubali pia kwamba ukikwama usiku Salgaa, dairekti yenye fyuzi, waya mnene, ya kukufikisha nyumbani, ni halali. Hiyo ni bendeji. Kesho unaitoa na kutibu kidonda. Dhambi ni kuiita bendeji dawa.

Na wenzangu wa tarakilishi msicheke. Yule anayeona ujumbe wa hitilafu akaandika mistari ya kuumeza ili mteja asiuone, amefanya nini kama si dairekti? Mteja anafurahi, skrini ni safi, na mahesabu ya mishahara yanaungua taratibu chini ya dashibodi.

Basi, mara nyingine ukiambiwa gari lako limewekwa dairekti, usitoe pochi kwanza. Uliza maswali matatu: Umepima nini? Umekuta nini? Fyuzi iko wapi? Fundi wa kweli atakujibu yote kabla hujamaliza kuuliza, na huyo mlipe vizuri hata kama hakubadilisha kitu. Akianza kukasirika, chukua ufunguo wako uende.