Kitunze Kikutunze: Dhidi ya Wanaodharau Kopo la Mafuta

Kila mwanafunzi aliyepita katika darasa la historia analijua jina la James Watt. Analijua pia jina la George Stephenson, na akiulizwa kwenye mtihani ni kitu gani kilichoendesha viwanda vya Uingereza, atajibu bila kusita: injini ya mvuke. Lakini hebu muulize swali moja dogo: ndani ya injini hiyo chuma kilisuguana na chuma usiku na mchana, kwa nini havikushikana vikaungua? Atakutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Nasema ujinga huu si bahati mbaya. Tumefundishwa kumheshimu anayeunda na kumdharau anayetunza, na dharau hiyo inatugharimu sisi watu wa nchi hizi kila siku.

Tuanze na huyo huyo Watt. Katika injini zilizotangulia yake, zile za Newcomen, maji yalimwagwa juu ya pistoni ili kuziba nafasi ya mvuke kupenya. Watt alitaka silinda ibaki ya moto muda wote, kwa hiyo maji hayakumfaa. Katika hataza yake ya mwaka 1769 alitaja vitu vya kutumia badala ya maji: mafuta, nta, shahamu ya wanyama na vinginevyo. Yaani mtu tunayemsifu kwa akili yake kubwa alijua kwamba akili hiyo haitakwenda popote bila shahamu. Ni sisi tulioisoma habari yake tukairuka shahamu.

Wapo watakaosema kwamba kutia mafuta si elimu, ni kazi ya mikono tu. Hao hawajui wanalolisema. Injini ya garimoshi haikuhitaji mafuta ya aina moja wala njia moja ya kuyatia. Kwenye beringi za nje na maungio ya vyuma vinavyozungusha magurudumu, kulikuwa na vikombe vidogo vyenye utambi wa sufu. Ncha moja ya utambi ililala ndani ya mafuta, nyingine ikaingizwa katika kijibomba kinachoshuka hadi kwenye beringi. Mafuta yalipanda kwenye utambi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye koroboi, kisha yakadondoka upande wa pili tone kwa tone. Utambi ukiwa mzito mno, mafuta hayafiki; ukiwa mwepesi mno, yanaisha njiani. Tena utambi usipoinuliwa injini inaposimama, mafuta yataendelea kudondoka hadi kikombe kiwe kitupu.

Ndani ya silinda mambo yalikuwa magumu zaidi. Huko kuna mvuke wenye joto na shinikizo, unaoosha mafuta na kuyatoa nje. Zamani walitumia shahamu ya ng'ombe, maana iliyeyuka kwa joto ikaenea yenyewe. Mvuke ulipozidi kuwa wa moto, shahamu ile ilivunjika na kutoa asidi iliyokula chuma, ndipo mafuta mazito yatokanayo na petroli yakachukua nafasi yake. Na mafuta yataingiaje mahali ambapo mvuke unasukuma kutoka ndani? Mwingereza John Ramsbottom alipata jibu mwaka 1860. Mvuke kidogo unaingizwa kwenye chombo kilichojaa mafuta. Humo unapoa na kuwa maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini na kuyainua mafuta, nayo yanafurika kidogo kidogo na kwenda silindani. Hakuna wa kusukuma. Kinachofanya kazi ni uzito wa maji peke yake. Atakayeniambia kwamba hiyo si fizikia, aniambie fizikia ni nini.

Na mtu wa mafuta alipokosea, adhabu haikuchelewa. Beringi ikikauka hupata joto, madini laini yaliyowekwa ndani yake huyeyuka, na ekseli yenyewe inaweza kukatika treni ikiwa mbioni. Kwa hiyo kabla ya safari dereva alizunguka injini na kopo lake mkononi, akijaza kikombe kimoja baada ya kingine, na kwenye vituo alishuka na kupapasa beringi kwa kiganja aone kama zina joto. Kiganja hicho ndicho kilichookoa maisha ya abiria waliolala ndani ya mabehewa.

Mtu mmoja wa mafuta alipata jina, na habari yake inafaa tuielewe vizuri. Elijah McCoy alizaliwa Kanada mwaka 1844, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Alipelekwa Scotland kujifunza uhandisi wa mitambo. Aliporudi akaenda Michigan, Marekani, hakuna aliyetaka mhandisi mweusi. Kampuni ya reli ikampa koleo la makaa na kopo la mafuta. Mwaka 1872 alipata hataza ya chombo chake cha kutia mafuta kwenye injini za mvuke, na hadi anafariki mwaka 1929 alikuwa amepata hataza zaidi ya hamsini, nyingi zikiwa za mambo hayo hayo ya mafuta.

Siku hizi wengi wanamsifu McCoy kana kwamba kabla yake hakuna injini iliyowahi kujitia mafuta. Si kweli, na Ramsbottom nimeshamtaja. Sifa za uongo hazimpi mtu heshima, zinampa adui yake nafasi ya kucheka. Sifa yake ya kweli inatosha. Waliompa kopo walidhani wamemshusha hadhi. Yeye akalitazama lile kopo kwa macho ya mhandisi, akaona tatizo ambalo mabwana wenye ofisi hawakuliona kwa sababu hawakuwahi kuchafua mikono yao.

Sasa nije nyumbani. Mimi ni Mrundi, na kwetu ziwa Tanganyika ni jirani wa kila siku. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea Wajerumani, ilitolewa amri izamishwe. Mafundi waliopewa kazi hiyo hawakuivunja. Waliipaka mitambo yake grisi nzito, kisha wakaizamisha taratibu karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na baada ya miaka karibu minane chini ya maji, injini na boila zake zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa za dizeli.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, ufuko mwembamba wa Tanzania uliobanwa kati ya milima na maji, usio na barabara ya gari. Meli iliyokuja kuwachukua, mamia kwa kila safari, kuwapeleka Kigoma ilikuwa Liemba. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba pale ufukoni watu walikuwa hawaulizi meli ni ya nani wala ina umri gani. Waliuliza tu inarudi saa ngapi.

Najua jibu la baadhi ya wenzangu: unawasifu wakoloni. Hapana. Meli ile ilitumika katika vita vyao, na waliopaka grisi walidhani wataishinda vita na kuja kuichukua mali yao. Siwadai shukrani wala siwapi. Ninachosema ni kwamba grisi haina bendera. Inamtumikia yeyote anayeirithi mashine iliyotunzwa. Tena makopo ya mafuta ya meli na magarimoshi ya Afrika Mashariki, kwa miaka mingi, yalishikwa pia na mikono ya Waafrika, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote nilichopewa kusoma shuleni. Kama tunataka kuikomboa historia, tuanzie hapo.

Wengine watasema mvuke umekufa, ya nini kuufufua? Mvuke umekufa, msuguano haujafa. Kwenye kilima chetu kulikuwa na mashine ya kusaga iliyoletwa kwa msaada. Siku ya kuizindua kulikuwa na ngoma, hotuba na utepe uliokatwa kwa mkasi mpya. Hakuna aliyepewa fedha za oili. Kijana aliyeiendesha aliomba mara mbili anunuliwe oili ya kubadilisha, akaambiwa asubiri, maana mashine bado mpya. Ilipokaribia mwaka, injini ilikaza na haikuzunguka tena. Mama zetu wakarudi kubeba mihogo kichwani hadi kilima cha pili. Fedha za hotuba na soda za siku ile moja zingenunua oili ya miaka.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Umaskini wetu una sehemu inayotoka mbali, na mimi si mtoto wa kukana hilo. Lakini upo umaskini tunaoutengeneza wenyewe kila tunapokata utepe na kusahau kopo, kila tunapomwita mhandisi "mheshimiwa" na fundi "wewe", kila mwalimu anapomtishia mwanafunzi mvivu kwamba ataishia gereji. Gereji ndiko wanakojua kwa nini mashine zetu zinakufa mapema. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumekuwa hodari wa kuomba kuta.

Basi wanaotunga mitaala waiweke sura ya mafuta karibu na sura ya Watt. Wanaopanga bajeti waandike fedha za oili kabla ya fedha za sherehe. Nasi wanafunzi tunaosoma lugha na historia tuache kuona haya kuwauliza mafundi maswali. Fundi akikueleza kwa nini beringi inapiga kelele, chukua daftari uandike. Siku mashine itakapokaza, yeye ndiye utakayemkimbilia.