Vidole vya Vim katika Nyumba ya Ugenini



Wapo vijana wetu wa Garsen wanaosoma mambo ya tarakilishi, nao wamezoea kuandika kwa Vim. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, na mtu akiifungua hukuta ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, maana mtungaji mwenyewe alipata kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale. Alifariki Agosti 2023.

Ndani ya Vim kitufe kimoja kina kazi mbili. Ukiwa katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Ukiwa katika hali ya amri, j hushuka mstari, k hupanda, na d mara mbili hufuta mstari. Aliyezoea haugusi mshale wala kipanya.

Nami nilijifunza, nikanogewa. Jarida letu lilipohamia programu nyingine, mwanafunzi wangu wa zamani aliniwekea humo kiongezo kinachoiga vitufe vya Vim. Nilifurahi kama mpiga kafi aliyepewa mtumbwi mpya na kuachiwa kafi lake la siku zote.

Kisha yakanifika. Jamaa mmoja wa kandokando ya Tana alikuwa amefariki, akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mirathi yake ni mafungu 40: mke 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Niliandika hayo, kielekezi kikabaki kwenye mstari wa binti, na nilikuwa nimekwisha kurudi katika hali ya amri pasi na kukumbuka. Macho yakiwa kwenye karatasi ya mkono, nikapiga neno “Sahihi”. Katika hali ile S kubwa hufuta mstari wote na kuanza uandishi. Nilipoinua macho niliona “ahihi”, nikadhani kitufe hakikushika, nikaongeza S, nikachapisha.

Nakala ilikuwa imekwisha kuingia mkononi mwa kaka mkubwa nilipojumlisha kwa desturi tu, nikapata 33. Nilimwomba anirudishie. Faili lilikuwa bado wazi. Nikabonyeza u, ambayo hurudisha nyuma, mara kadhaa hata binti akarejea na mafungu yake 7.

Kiongezo hakikukosa, kilifanya nilivyokiamuru. Lakini mgeni hawi mwenyeji. Vim huandika hali yake chini ya skrini, na kule alama ilikuwa ndogo, pembeni. Hata Control na V, ambazo katika Vim huchagua safu wima, kwingineko hubandika maandishi, na kiongezo hulazimika kushika upande mmoja.

Kijana amenibadilishia sasa kielekezi: kinene wakati wa amri, chembamba wakati wa kuandika. Makala hii nimeiandika hivyo. Karatasi za mirathi ninazizimia kiongezo, na kila mstari ninausomea wenyewe kwa sauti kabla ya kuchapisha, binti naye akiwapo.