Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ya Karatu: Kliniki ya Kisukari Isifungwe Bila Macho Kutazamwa

Yah: Macho ya wagonjwa wa kisukari na presha, Rhotia na kata jirani

Ndugu Mganga Mkuu,

Mzee wa Rhotia akiulizwa kwa nini haoni vizuri, atasema ni uzee. Wa pili atasema mtoto wa jicho, wa tatu vikope. Hakuna anayebahatisha. Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha watu nchini, na vikope, yaani trakoma, viko kwa jirani: Ngorongoro ni miongoni mwa wilaya ambazo ugonjwa huo umeng'ang'ania, pamoja na kampeni za miaka mingi za kugawa dawa ya Zithromax. Upo upofu mwingine ambao mtaani hauna jina. Hauwashi, hautoi tongo, na kioo cha nyumbani hakiuonyeshi. Unaanzia kwenye mishipa ya damu, nyuma kabisa ya jicho.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho, hulegea, zikatokeza vivimbe na kuvujisha maji na mafuta. Sehemu za retina zikikosa oksijeni, jicho huotesha mishipa mipya, tena dhaifu, inayopasuka na kumwaga damu ndani. Hapo ndipo mgonjwa anapoona kama masizi yanaelea, au giza linamfunika ghafla. Presha huongeza kasi. Mshipa unaorudisha damu ukiziba, mtu aweza kuamka asubuhi jicho moja limefifia, bila maumivu yoyote. Na lile giza linaloshuka kama pazia kwa dakika chache kisha likaondoka lisisubiri mnada upite. Laweza kuwa hodi ya kiharusi.

Retina ni mahali adimu mwilini ambapo daktari huiona mishipa midogo ya damu moja kwa moja, bila kisu. Mjerumani Hermann von Helmholtz alifungua dirisha hilo mwaka 1851 alipotengeneza ofthalmoskopu, kifaa ambacho leo kinaenea mfukoni mwa koti. Anayechungulia jicho la mgonjwa wa presha anapata pia habari za figo, moyo na ubongo wake.

Wagonjwa wenyewe si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na takriban asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Mkoani Kilimanjaro, mpango wa uchunguzi ulioanza mwaka 2010 chini ya hospitali ya KCMC ya Moshi ulipopiga picha za retina za wagonjwa wa kisukari, zaidi ya robo yao walikutwa na madhara. Wengi wa namna hii huwa bado wanaona vizuri, na hapo ndipo tiba inapofaa zaidi.

Tiba ipo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kudhibiti presha kwa umakini kulipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34 kwa wenye kisukari. Leza huzuia mishipa mipya isiharibu zaidi. Bevacizumab, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya saratani, huchomwa ndani ya jicho na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013. Huko England na Wales, miaka michache baada ya uchunguzi wa kila mwaka kuenea, kisukari kiliacha kuwa chanzo kikuu cha upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, nafasi ambayo kilikuwa kimeishikilia kwa takriban miaka 50.

Kutoka Rhotia hadi Moshi ni kama kilomita 200. Anayeona vizuri hataacha shamba la mahindi akalipe nauli kwenda kutafuta ugonjwa asiousikia. Kwa hiyo uchunguzi umfuate pale anapochukulia dawa zake, na safari ya Moshi ibaki kwa yule ambaye picha imeonyesha anaihitaji.

Maombi ni matatu. Kwanza, kila mgonjwa wa kisukari aliyeandikishwa wilayani apanuliwe mboni na kutazamwa retina mara moja kwa mwaka, na tarehe iandikwe kwenye kadi yake kando ya kipimo cha sukari. Pili, itafutwe kamera moja ya retina izunguke siku za kliniki: Karatu mjini, Rhotia, Mang'ola, Endabash. Picha zitumwe kwa wataalamu kwa intaneti, na anayehitaji leza apewe rufaa yenye tarehe. Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wanazijua nyumba zote, wapewe orodha ya wasiorudi wawafuate.

Barua hii inaomba jibu moja kabla ya bajeti ijayo ya halmashauri kupitishwa: kati ya wagonjwa wote wa kisukari walio kwenye rejista za Karatu, ni wangapi waliotazamwa retina mwaka huu? Idadi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo, Rhotia ikiwemo.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; Diwani wa Kata ya Rhotia.