PUNDA WA DAVIES NA WAENDAO KWA MIGUU

Liko neno moja ambalo limekuwa kama muhuri wa ofisi: "Alikatiza barabara ghafla." Mtu aendaye kwa miguu akigongwa na motokaa, neno hilo huandikwa, jalada hufungwa, na marehemu huzikwa pamoja na kosa lake. Dereva huulizwa kama alipiga honi. Akijibu kwamba alipiga, basi, yamekwisha. Tangu lini honi ikawa hati ya kumiliki barabara?

Twalipinga neno hilo, kwanza kwa kuwa mara nyingi shahidi wake ni mmoja tu, naye ndiye aliyegonga. Pili, kwa mtu aendaye mbio kila kitu ni cha ghafla. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita yapata mita 14 katika sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, akakawia sekunde hiyo moja kabla ya kukanyaga breki, mita 14 zimekwisha kuliwa. Na juu ya lami kavu, kwa breki nzima, zatakiwa nyingine kama hizo hata gari lisimame. Jumla ni 28. Akienda kilomita 100, sekunde ya kwanza hula mita 28, na breki hazidai mara mbili bali mara nne, yapata mita 55. Jumla yapita 80. Basi mtoto aliye mbele kwa mita 40 atakuwa "amekatiza ghafla" kwa dereva wa pili, wala si kwa wa kwanza. Na mtoto ni yule yule, na hatua zake ni zile zile.

Wako wasemao kwamba barabara ni ya magari, ajiingizaye na ajilaumu. Hao twawapeleka Uingereza, mwaka 1842, katika kesi ya Davies na Mann. Davies alimfunga punda wake miguu ya mbele akamwacha barabarani akila majani. Gari la Mann, likivutwa na farasi watatu, likateremka kwa mwendo wa haraka likamkanyaga, akafa. Ikatolewa hoja kwamba punda hakupaswa kuwapo pale. Majaji wakasema, hata ikiwa hivyo, mwenye gari alipaswa kwenda kwa mwendo wa kuepusha madhara. La sivyo mtu angeweza kumkanyaga hata aliyelala usingizi njiani, kisha akajitetea. Davies akalipwa punda wake.

Punda alilipwa! Nasi je, mjane wa mwenda kwa miguu aambiwe kwamba mumewe alijitakia?

Hatusemi kwamba waendao kwa miguu hawana makosa. Walevi wapo, na wapumbavu wapo. Lakini kosa lao haliwaoshi wengine. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na hiyo ni mpaka, si amri. Palipo na shule au soko, hata 50 yaweza kuwa nyingi mno.

Miongoni mwetu wamo waandikao taarifa za ajali za magari ya ofisi. Twawasihi: kabla ya kuandika kwamba marehemu alikatiza, zipimwe alama za matairi kama zipo, uandikwe mwendo wa gari, na umbali alipoonekana mara ya kwanza. Na dereva akisema kwamba hakumwona kabisa, liandikwe hilo pia, kwa maneno yake mwenyewe.