Nani Atapima Ujuzi wa Kamenge?

Australia haipokei ombi la viza ya ujuzi inayotolewa kwa alama kabla ujuzi huo haujapimwa. Kwa mfanyakazi wa jamii, anayelea vikundi vya vijana au kusaidia familia zilizo taabani, mpimaji ni Chama cha Wafanyakazi wa Jamii cha Australia, ACWA. Wapimaji hawamwoni mwombaji akiwa kazini. Wanasoma faili lake. Wanatafuta shahada au diploma inayolingana na za kwao, orodha ya masomo, na ushahidi kwamba alipokuwa mwanafunzi alifanya kazi kwa vitendo chini ya msimamizi. Faili likikubaliwa, bado ipo hesabu ya alama: asiyefikisha 65 haitwi, na aliyekwisha kutimiza miaka 45 hana nafasi hata kama ana alama hizo.

Sasa tuuweke utaratibu huo mbele ya watu wa Bujumbura. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamisionari wa Xaveri walianzisha Kituo cha Vijana Kamenge, kaskazini mwa jiji. Vita vilivyoanza 1993 viliigawa mitaa ya huko kwa kabila, jirani akamhama jirani, na vijana wengi wakachukua silaha. Kituo hakikufunga milango. Vijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliendelea kukutana humo kwa mpira, maktaba, muziki na ujenzi wa nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa Right Livelihood, tuzo ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Dunia ilikiri kwamba kazi iliyofanyika pale ni ya ustadi mkubwa. Lakini kijana aliyejifunza kutuliza ugomvi katikati ya mitaa inayowaka, bila chuo, angeweka nini katika faili la ACWA? Barua ya shukrani, labda, na picha.

Wapo wanaosema sharti la karatasi ni ubaguzi tu. Siwaungi mkono. Mfanyakazi wa jamii huingia nyumbani kwa mtu siku ambayo mtu huyo hana nguvu ya kumkataa. Humkuta mtoto aliyepigwa, mwanamke aliyekimbia mume, mzee asiyejua tena jina lake. Hapa Bujumbura tuna Kituo cha Seruka, kinachowahudumia waliobakwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kituo kama hicho kiajiri mtu kwa sababu ana moyo mzuri. Huruma isiyofunzwa huumiza: huuliza maswali yasiyopaswa kuulizwa, hutoa ahadi zisizotimizika, huvujisha siri ikidhani inaomba msaada. Waaustralia wana haki ya kuuliza mtu huyu alifundishwa na nani, na sisi tungefaa kuuliza vivyo hivyo kwa ajili ya watu wetu.

Tatizo langu liko kwingine. Karatasi inatambua njia moja tu ya kujifunza, na kwa Warundi wengi njia hiyo ndiyo iliyokatwa na vita. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1993 leo amepita 50. Ukomo wa umri umemwondoa, naye huenda ndiye mwenye uzoefu mzito kuliko wote. Anayebaki kwenye foleni ni mhitimu mwenye shahada ya mfumo mpya wa vyuo vikuu uitwao BMD, ambaye pengine hajawahi kukaa na familia mbili zinazogombea shamba tangu moja yao iliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Utaratibu uliowekwa kuteua wenye ujuzi unaweza kuwapita wenye ujuzi.

Hata mhitimu huyo si lazima afanikiwe, na hapa lawama ni yetu. Mpimaji wa ng'ambo anataka kujua staji, yaani mafunzo kwa vitendo, ilichukua saa ngapi, mwanafunzi alifanya kazi gani, msimamizi alikuwa nani na ana sifa zipi. Karatasi ya alama ikiandika neno "staji" na alama kumi na nne juu ya ishirini, hakuna mfasiri atakayeziongeza saa ambazo hazikuandikwa. Mwanafunzi anaweza kuwa alishinda miezi mitatu katika moja ya Vituo vya Maendeleo ya Familia na Jamii, vile ambavyo wengi wanaviita CDFC, akasikiliza kesi za kila aina. Kama hakuna aliyezihesabu, mbele ya mpimaji ni kana kwamba hakwenda.

Kupima watu kwa kuwatazama wakifanya kazi si jambo geni Burundi. Mushingantahe, mpatanishi na mwamuzi wa jadi, hakupatikana kwa mtihani wa siku moja. Aliyetaka kuvishwa heshima hiyo alitazamwa miaka mingi na waliomtangulia: anaamuaje ugomvi mdogo, anaishije na mke wake, akinywa ulimi wake unakuwaje, anaweza kusema kweli dhidi ya ndugu yake? Baadaye tu ndipo aliapishwa hadharani, mbele ya watu watakaomdai kiapo hicho. Mkataba wa amani wa Arusha wa 28 Agosti 2000 uliikumbuka asasi hiyo na kutaka irejeshewe hadhi. Ilikuwa na kasoro zake, na kubwa ni kwamba kwa muda mrefu wanawake waliwekwa kando. Lakini kama njia ya kumpima mpatanishi, naiona ni kali kuliko faili lolote. Upungufu wake mbele ya dunia ya leo ni kwamba matokeo yake yalibaki vichwani mwa wanakijiji.

Majirani wameanza kuyaandika matokeo ya namna hiyo. Tanzania, kupitia VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, inawapima mafundi waliojifunza gereji na mitaani na kuwapa vyeti. Kenya ilizindua 2024 sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mafundi wa magari wamefikiriwa. Msuluhishi wa familia bado. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja inataka nchi zitambuliane sifa za kitaaluma. Makubaliano yamefikiwa kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Makubaliano hayo husainiwa na bodi za taaluma, kwa hiyo taaluma isiyo na bodi haina hata mkono wa kushika kalamu. Mfanyakazi wa jamii wa Bujumbura anahangaikia kutambuliwa Melbourne wakati hata Kigoma, kwenye mwambao uleule wa Ziwa Tanganyika, hakuna utaratibu wa pamoja wa kumtambua.

Najua pingamizi litakalofuata: tukiwapa vyeti, wataondoka. Ni hofu ya kweli. Tangu 2023 Kanada inaendesha duru maalumu za kuwaita wahamiaji wanaojua vizuri Kifaransa, na Bujumbura imejaa watu wa namna hiyo. Kwa wauguzi na madaktari, Shirika la Afya Duniani lilipitisha 2010 kanuni za kuzuia nchi tajiri kuzifyonza nchi maskini. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii walio nje ya sekta ya afya hawana kinga ya aina hiyo, na wanastahili kuwekewa.

Lakini kumnyima mtu cheti ili asiondoke ni kumfunga kwa kosa ambalo hajatenda. Tena cheti kingemfaa kwanza hapa hapa. Februari 2025, maelfu ya Wakongo walipovuka mto Rusizi kuingia Burundi wakikimbia vita na kulundikana katika uwanja wa mpira wa Rugombo, walihitajika mara moja watu wanaoweza kumsikiliza mama kwa Kiswahili, kuandika ripoti kwa Kifaransa na kuzungumza na wenyeji kwa Kirundi. Watu wa aina hiyo huitwa kwa mkataba wa mradi, na mradi ukiisha hurudi nyumbani bila cheo wala rekodi. Mradi unaofuata huwaanzisha chini upya. Hali hiyo inawasukuma kutafuta viza zaidi ya vile cheti chochote kingewasukuma.

Australia na Kanada nazo zinaweza kufanya zaidi: kumhoji mwombaji kwa video juu ya kesi halisi, na kuupa ushahidi wa miaka ya kazi uzito unaokaribia ule wa darasa. Zina jamii za Warundi zilizotoka kambini ambazo zinahitaji wahudumu wanaozielewa. Ila hatuwezi kungoja nchi hizo zianze.

Wizara yenye dhamana ya mshikamano na vyuo vyenye masomo ya kazi za jamii vinaweza kukubaliana juu ya daftari moja la staji, lenye saa, aina ya kesi, jina na saini ya msimamizi. Baada ya daftari ije rejista ya wafanyakazi wa jamii, kisha bodi. Ningependa wa kwanza kupimwa na kuandikishwa wawe wale wa Kamenge na mitaa jirani waliokwisha kupita miaka 45. Viza ya alama ya Australia hawataipata tena, lakini madaftari ya wanafunzi yanahitaji wasimamizi wa kuyasaini.