Tukienda Maonyesho ya Nguo, Twende Kama Wafanyabiashara

Vijana wenzetu wa Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Nyarugusu na popote mlipo, tunaongea na ninyi. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunaongea na ninyi pia, tena bila kuzungukazunguka.

Kikundi cha ushonaji kikianza tu kusimama kwa miguu yake, utasikia: "Tutawapeleka maonyesho!" Watu wanashangilia, shati jeupe linapigwa pasi, picha zinapigwa. Sisi hatupingi safari. Maonyesho ya biashara ya nguo yana faida kubwa kwa fundi anayeijua kazi yake. Tunachosema ni kimoja: twende kufanya biashara, tusipelekwe kuonyeshwa.

Kwanza tuelewane, maana wengi wanachanganya. Banda la Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, ni kitu kimoja. Pale mgeni anapita, anapenda begi, anatoa pesa, anaondoka nalo. Maonyesho ya biashara ni kitu kingine kabisa. Kuna Africa Sourcing and Fashion Week kule Addis Ababa, kuna Texworld na Apparel Sourcing za Paris zinazofanyika mara mbili kwa mwaka. Huko watu wa pamba, nyuzi, vitambaa, mashine na viwanda vya nguo wanakutana na wanunuzi wa jumla. Mtu anayesimama mbele ya meza yako hatafuti shati la kuvaa Jumapili. Anatafuta nani atamshonea mashati 200, 500 au 5,000, kwa bei gani, na yatafika lini.

Mwaka jana wenzetu watatu walipelekwa kwenye maonyesho ya namna hiyo jijini. Shirika lililowapeleka hatulitaji, maana shida hii si ya shirika moja. Banda lilipambwa na picha kubwa za mahema na watoto. Kila aliyepita aliulizia walikimbia nini, walipita njia gani, walipoteza nani. Wengi walipiga nao picha. Siku ya pili akaja mama mmoja mnunuzi, akageuza shati, akaangalia mshono wa ndani, akauliza maswali matatu: mnaweza kutoa mangapi kwa mwezi, bei ya jumla ni ngapi, na kitambaa hiki mtakipata tena? Msimamizi wa banda akajibu kwa niaba yao, "Hawa ni wanufaika wa mradi wetu." Mama akasema asante, akaenda banda la jirani. Oda zilizopatikana siku zote zile: sifuri.

Jamani, yale maswali matatu ndo maonyesho yenyewe. Tuyachambue.

Swali la kitambaa. Sisi watu wa vitenge tunajua: ua ulilolipenda leo sokoni, wiki ijayo halipo. Shati moja la mtu mzima tuseme linakula yadi mbili. Kitenge pisi moja ni yadi sita, yaani mashati matatu. Mashati 200 yanataka pisi 67 za ua lile lile, rangi ile ile. Nani muuzaji wa sokoni kwetu mwenye pisi 67 za ua moja? Ndo maana mafundi wajanja wanashona kwa kitambaa cha rangi moja kinachopatikana mwaka mzima, halafu kitenge kinakaa kwenye kola, mfuko na mikono. Ua likiisha, unabadilisha kidogo tu, na mnunuzi ameshakubali tangu mwanzo.

Swali la idadi. Mafundi kumi, kila mmoja akimaliza mashati manne kwa siku, ni mashati 40. Kwa hesabu hiyo 200 ni siku tano. Lakini kama kikundi kina mashine moja tu ya matundu ya vifungo, na umeme unakatika mchana, basi hizo siku tano ni za kwenye karatasi. Kasi ya kikundi ni kasi ya mashine inayosubiriwa na wote. Anayejua hilo ni fundi anayekaa pale kila siku, siyo afisa wa mradi anayekuja Jumatano.

Swali la bei ndo gumu zaidi. Tuchukue mfano. Kitambaa shilingi 10,000, vifungo na uzi 2,000, mshono 6,000, kodi ya nyumba, umeme na usafiri 2,000. Shati limekugharimu 20,000. Ukiliuza 25,000 kwa jirani, una faida. Sasa mnunuzi mwenye duka analipa kodi na wafanyakazi, kwa hiyo mara nyingi anauza kwa bei mara mbili ya aliyonunulia, au zaidi. Kama wateja wake hawavuki 30,000, kwako anataka shati kwa 15,000. Hapo kila oda kubwa ni hasara kubwa! Basi lazima ama gharama ishuke kwa kununua kitambaa kwa jora, ama ushone kitu ambacho wateja watakilipia zaidi. Hesabu hii inafanyika kabla ya kupanda basi.

Tunajua kuna watakaosema: lakini stori ndo inauza, bila stori nani atawaangalia? Hatukatai. MADE51, mpango ulioanzishwa na UNHCR, unauza kazi za mikono za wakimbizi, na hiyo 51 inatokana na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Stori ipo pale wazi. Ila nyuma ya stori kuna biashara za kijamii zinazoshughulika na ubora, ubunifu na usafirishaji. Stori inamfanya mnunuzi asimame. Kinachomfanya arudi mara ya pili ni mshono ulionyooka na mzigo uliofika kwa tarehe. Mtu akinunua kwa huruma, huruma ikiisha na oda imeisha.

Halafu kuna karatasi. Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Wenzetu wa Kakuma wana sheria mpya ya 2021, lakini bado wanaomba kibali cha kutoka kambini, na wa Tanzania vivyo hivyo. Kuvuka mpaka ndo kabisa. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951 kinazungumzia hati za kusafiria za wakimbizi, lakini hati bila viza haikufikishi Paris. Kwa hiyo mtu akikuahidi maonyesho ya nje, muulize kwanza: maombi ya hati yanaanza lini? Kama jibu ni "tutaona," basi utabaki nyumbani na mwingine ataenda kukusemea.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo manne. Moja, kabla ya kulipia banda, ambalo linalipiwa kwa mita za mraba, tupelekeni kwanza kama wageni. Kwa wafanyabiashara, mara nyingi kujiandikisha kama mgeni ni bure. Fundi akizunguka siku mbili akishika vitambaa na kuuliza bei, atarudi na elimu kuliko semina ya wiki nzima. Mbili, gharamieni sampuli na mashine ya matundu ya vifungo kabla ya mabango. Tatu, anayejibu maswali ya mnunuzi awe mshonaji mwenyewe, na kama lugha ni shida, leteni mkalimani. Nne, kadi ya mnunuzi ibaki kwa kikundi. Mradi unakwisha, kikundi kipo.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Tusajili vikundi, tuwe na daftari la gharama, tuwe na vipimo vya S, M na L visivyobadilika kwa sababu fundi amebadilika. Tuwe tayari pia kukataa oda tusiyoiweza. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli anaweza kurudi mwakani. Aliyecheleweshewa mzigo harudi.

Msimu huu kikundi chetu kimealikwa tena. Tumejibu kwamba tutaenda tukiwa na bei zetu mezani na fundi wetu akiongea. Ukuta wa picha za mahema hatuuhitaji. Tunasubiri jibu.