Gisozi mbili na swali la shamba

Ukimwambia mkimbizi kutoka Burundi kwamba unaishi Gisozi, huenda akakuuliza: Gisozi ipi? Ipo hii ya Kigali, penye ukumbusho wa mauaji ya kimbari, na ipo nyingine kule Mwaro, Burundi. Si ajabu, kwani kilima ni "umusozi" kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi pia.

Nchi hizi zinafanana. Msitu wa Nyungwe ukivuka mpaka unaitwa Kibira. Zote mbili zilipata uhuru 1 Julai 1962. Hakuna inayofikia kilomita za mraba 28,000, na watu wengi wanaishi kwa jembe.

Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, tulizungumzia mpaka tu. Lakini mpaka hufungwa na kufunguliwa na wakubwa. Shamba ni jambo jingine. Ardhi ikiwa haba, shamba la aliyekimbia halikai bila mtu. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliporudi, wengi walikuta wengine wanalima kwao. Rwanda nayo, baada ya 1994, ilibidi watu wagawane mashamba.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kurudi, uliza mapema: nani analima kwetu leo? Nina karatasi gani? Mashahidi wangu wako hai?

Nawe mwenyeji, ukimwona jirani yako mkimbizi anasitasita kurudi, usiseme anapenda msaada. Huenda hana pa kushika jembe.